Sauti ya mfanyakazi kiwandani: njia za mawasiliano na mahali imani inapojengeka

Katika viwanda vingi vya Dar es Salaam, kitu cha kwanza anachokutana nacho mfanyakazi baada ya kupita getini ni ubao wa matangazo. Hapo hubandikwa ratiba ya zamu, taarifa ya mashine iliyosimama kwa matengenezo, makumbusho ya kuvaa vifaa vya kinga na, pale sheria inapozingatiwa, karatasi yenye maelezo ya haki za mfanyakazi. Karatasi hiyo si hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka kila mwajiri kuiweka mahali panapoonekana wazi ili kila anayefanya kazi hapo aisome.

Ubao, hata hivyo, hauna masikio. Unatoa habari upande mmoja tu. Mfanyakazi anayesoma kwamba zamu ya usiku imeongezwa hawezi kuuuliza ubao kwa nini, wala kuueleza kwamba basi la mwisho la kuelekea kwao huwa limekwisha kuondoka saa hiyo. Kwa sababu hiyo, mazungumzo juu ya kuaminiana katika viwanda vya Chang'ombe, Mbagala, Mikocheni, Ubungo au Tegeta hayawezi kuishia kwenye swali la kama mfanyakazi anaruhusiwa kusema. Nafasi ya kusema ipo katika sheria na katika viwanda vingi. Swali zito zaidi ni nani anayemjibu, kwa muda gani, na kama jibu hilo lina nguvu ya kubadili jambo lolote.

Swali hili si geni nchini. Limekwisha kuulizwa, na kwa sauti kubwa, zaidi ya nusu karne iliyopita.

Funzo la miaka ya 1970

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955 na ambalo Rashidi Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza, lilivunjwa. Mahali pake kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, na aliyeshika nafasi hiyo mwanzoni, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo Sheria ya Usalama wa Kazi ilianzisha kamati za wafanyakazi sehemu za kazi na kuweka kanuni za nidhamu, ili mwajiri asimfukuze mtu kazini kwa matakwa yake tu. Mfumo ulikuwa umekamilika kwa maandishi, lakini mfanyakazi wa kawaida alijikuta akipeleka kilio chake kwa chama ambacho kiongozi wake hakuchaguliwa naye.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoyatia mashirika makubwa mikononi mwa umma, wengi walitarajia kwamba uhusiano wa meneja na mfanyakazi ungebadilika pamoja na umiliki. Februari 1970 Rais Julius Nyerere alitoa Waraka Na. 1 wa mwaka huo, ulioagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Shabaha ilikuwa njema: mfanyakazi ashiriki katika kujadili mipango ya uzalishaji, ubora wa bidhaa na hali ya kazi. Kasoro ilikuwa katika muundo. Mabaraza yalikuwa vyombo vya kushauri, na ndani yake wakuu wa idara walikaa pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi. Mjumbe aliyetoka kwenye mashine alikabidhiwa mahesabu aliyokuwa hajawahi kuyaona kabla ya siku ya kikao, akatakiwa kuyatolea maoni mbele ya mkuu wake wa kazi. Wasomi waliofuatilia jambo hili kwa karibu wakati ule, akiwemo Henry Mapolu aliyehariri kitabu juu ya wafanyakazi na menejimenti kilichochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1976, waliona wazi kwamba kukaa meza moja si sawa na kuwa na uzito mmoja mezani.

Mwaka uliofuata, Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu kwa wanaowaongoza. Maneno hayo yalikusudiwa kuwa maadili ya uongozi, lakini yalipofika viwandani yaligeuka kuwa lugha ya madai. Kati ya 1971 na 1973 yalizuka migomo mingi, na kinachostahili kuangaliwa ni kwamba sehemu kubwa ya malalamiko haikuhusu mshahara. Ilihusu meneja anayetukana, anayekataa kuonana na wafanyakazi, anayefukuza bila maelezo, anayeahidi na kusahau. Watu waliacha mashine kwa sababu ya jinsi walivyosemeshwa.

Kilele chake kilikuwa mwaka 1973 katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam. Wafanyakazi waliwafungia nje wamiliki, wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Tukio hilo liliibua mjadala mkubwa nchini, na majaribio ya kulirudia kwingineko yalizuiwa. Kwa anayetafuta chanzo cha kutoaminiana viwandani, kisa cha Mount Carmel kinaonyesha jambo ambalo takwimu za uzalishaji haziwezi kulionyesha: wafanyakazi walikuwa wanaijua kazi kiasi cha kuiendesha bila menejimenti, lakini katika miaka yote iliyotangulia ujuzi huo haukupata mahali rasmi pa kusikilizwa.

NUTA ilikuja kuwa JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991, na baada ya mfumo wa chama kimoja cha wafanyakazi kuachwa, vyama vya kisekta vikajisimamia. Viwandani chama kinachojulikana zaidi leo ni TUICO, Chama cha Wafanyakazi wa Viwanda, Biashara, Taasisi za Fedha, Huduma na Ushauri. Tanzania iliridhia Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu majadiliano ya pamoja, mwaka 1962. Mkataba Na. 87, unaohusu uhuru wa kujiunga na vyama, uliridhiwa mwaka 2000. Miaka karibu 40 iliyopita kati ya tarehe hizo mbili ndiyo historia yenyewe.

Tawi la chama na mkataba wa hali bora

Sheria ya mwaka 2004 ilijengwa juu ya kumbukumbu hiyo. Mwakilishi wa wafanyakazi sasa huchaguliwa na wanachama mahali pa kazi. Penye wanachama 1 hadi 9 huwepo mwakilishi mmoja, penye 10 hadi 20 watatu, penye 21 hadi 100 kumi, na pale wanachama wanapozidi 100 wawakilishi huwa 15. Katika kundi hili la mwisho, angalau watano huwa ni wa kuwawakilisha wanachama wanawake, endapo wapo. Kwa viwanda vya nguo, vya kufungasha vyakula na vya kusindika mazao, ambako wanawake ni wengi kwenye meza za kazi, kipengele hiki si cha kupamba sheria.

Kazi za wawakilishi hao ni pana kuliko inavyodhaniwa. Humsindikiza mwanachama katika kikao cha malalamiko au cha nidhamu, hutoa maoni juu ya kanuni za kazi, usalama na ustawi, hufuatilia kama mwajiri anafuata sheria za kazi, na hushauriana na mwajiri kuhusu tija. Hili la tija husahauliwa na pande zote mbili. Mwajiri humwona mwakilishi kama mtu wa kuleta madai, na mwakilishi mwenyewe mara nyingine hujiona hivyohivyo. Fundi anayejua kwamba mkanda wa mashine hukatika kila wiki kwa sababu ya vipuri duni ana taarifa yenye thamani ya fedha, na sheria imempa mwakilishi wake nafasi ya kuifikisha.

Chama chenye wanachama walio wengi katika kundi la wafanyakazi husika kinaweza kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa kundi hilo katika majadiliano. Kikishatambuliwa, mwajiri anawajibika kujadiliana nacho kwa nia njema na kukipa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Matokeo yake ni mkataba wa hali bora, hati inayoweka mshahara, posho, saa za kazi na taratibu nyingine kwa makubaliano. Ndani ya mkataba wa namna hiyo pande mbili zinaweza pia kuunda chombo cha ushirikishwaji wa wafanyakazi. Hapa kuna tofauti inayowachanganya wengi: katika utumishi wa umma baraza la wafanyakazi ni takwa la sheria na vikao vyake hufuata ratiba, wakati katika kiwanda binafsi chombo kama hicho huzaliwa na makubaliano. Kiwanda kisicho na tawi la chama, kwa hiyo, mara nyingi hakina baraza pia, na kinachobaki ni sanduku la maoni.

Sanduku la maoni lina sifa yake mbaya, na kwa haki. Likikaa karibu na ofisi ya meneja au chini ya kamera ya ulinzi, hakuna atakayeonekana akitia karatasi. Likifunguliwa na mtu mmoja asiyetoa taarifa ya alichokikuta, huwa kaburi la maneno. Viwanda vinavyolitumia kwa mafanikio huwa na utaratibu wa kawaida kabisa: hufunguliwa siku inayojulikana, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, na kila hoja hubandikwa ubaoni pamoja na jibu, hata kama jibu ni kwamba jambo hilo haliwezekani na sababu zake ni hizi. Mtu aliyekataliwa kwa sababu anazoweza kuzipima hurudi kuuliza tena siku nyingine. Aliyepuuzwa harudi.

Msimamizi wa zamu

Kati ya meneja na mfanyakazi husimama mtu ambaye vitabu vingi vya uongozi humpita haraka: msimamizi wa zamu, ambaye mitaani bado huitwa nyapara, jina lililorithiwa tangu enzi za mashamba ya mkonge na barabara za mkoloni. Mfanyakazi anaweza kukaa kiwandani mwaka mzima bila kuzungumza na mkurugenzi, lakini humwona msimamizi kila siku. Kwa mfanyakazi huyo, sura ya kampuni ni sura ya msimamizi.

Msimamizi yuko katika nafasi ngumu. Juu anadaiwa idadi ya bidhaa, chini anadaiwa ubinadamu. Wengi walipandishwa kwa kuwa mafundi hodari, bila kufundishwa namna ya kusikiliza malalamiko wala kuandika taarifa. Akipeleka habari mbaya juu, huonekana ameshindwa kazi. Akiificha, hasara huja baadaye ikiwa kubwa zaidi. Ndiyo maana habari nyingi za hatari hukatikia kwake: mlinzi wa mashine uliotolewa ili kazi iende haraka, waya uliochubuka, mfanyakazi aliyenusurika kukatwa kidole. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inaweka wawakilishi wa usalama na afya mahali pa kazi na kumpa mfanyakazi naye wajibu wa kutoa taarifa anapoona hali ya hatari. Lakini wajibu huo hautekelezeki ikiwa anayetoa taarifa atakatwa muda aliosimamisha mashine.

Njia rahisi inayotumika katika baadhi ya viwanda ni kikao kifupi cha wima kabla ya zamu, dakika 5 hadi 10, ambapo zamu inayotoka inaieleza inayoingia kilichoharibika, kilichotengenezwa na kinachotakiwa kuangaliwa. Habari hizo huandikwa katika daftari la makabidhiano. Daftari hilo lina faida ambayo haitajwi sana: linamlinda aliyesema. Ajali ikitokea wiki mbili baadaye, maandishi yataonyesha nani alitoa taarifa na nani alinyamaza.

Tangu mwaka 2013 wizara yenye dhamana ya viwanda, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, imekuwa ikieneza mbinu za Kaizen katika viwanda nchini. Msingi wa mbinu hizo ni maboresho madogo yanayopendekezwa na watu walio karibu na kazi. Hatua zake tano za mpangilio zimepata majina ya Kiswahili yanayokumbukika kwa urahisi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Waliozitembelea karakana zinazofuata utaratibu huu huvutiwa na sakafu zilizochorwa mistari na zana zilizopangwa ukutani. Hayo ni matokeo ya nje. Kiini cha Kaizen ni kwamba opereta ana haki ya kusema utaratibu uliopo haufai, na kikundi chake kinajaribu njia nyingine bila mtu kulaumiwa. Kiwanda kinachochora mistari sakafuni huku kikimkaripia anayetoa wazo kimechukua rangi tu.

Lugha ya karakana

Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichopo kando ya Barabara ya Morogoro, Ubungo, katika eneo lililokuwa sehemu ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa ushirikiano na China. Katika miaka ya 1990 kiliingia katika ubia ambamo upande wa China ulishika asilimia 51 na Serikali ya Tanzania asilimia 49. Mtafiti Ching Kwan Lee alikichunguza pamoja na mgodi wa shaba wa Chambishi nchini Zambia, na katika makala yake ya mwaka 2009 aliiona ajira ya vibarua kuwa moja ya mambo yaliyoleta mvutano mkubwa kati ya menejimenti na wafanyakazi.

Kibarua ni mtihani wa kila mfumo wa mawasiliano. Anayeajiriwa kwa siku, au kupitia wakala, hana hakika kama kesho atapita getini. Hawezi kuonekana mlalamishi. Mara nyingi hana hata wa kumwendea: kiwanda humwambia aende kwa wakala, wakala humwambia aende kiwandani. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na malipo pamoja na namna yanavyokokotolewa. Mwajiri akishindwa kutoa maandishi hayo katika shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye. Kipengele hiki kinajulikana kwa wanasheria kuliko kwa wabeba magunia.

Kuna pia suala la lugha yenyewe. Katika viwanda vyenye wataalamu kutoka China, India au Uturuki, maelekezo hupitia kwa mkalimani au kwa ishara za mikono, na ukali wa sauti huweza kueleweka kuwa tusi hata pale usipokusudiwa. Mikataba iliyoandikwa kwa Kiingereza imetiwa saini na watu wengi wasioielewa. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Mwajiri anayetoa mkataba, kanuni za kazi na barua za onyo kwa Kiswahili huondoa chanzo kimoja cha ugomvi kwa gharama ndogo mno.

Hati ya mshahara

Hakuna mahali imani hupotea haraka kama kwenye malipo. Mfanyakazi anastahili kupewa, pamoja na mshahara wake, maelezo ya maandishi ya jinsi ulivyopatikana na makato yaliyofanyika. Penye hati inayoonyesha saa za ziada, kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na ada ya chama, maswali hujibiwa kabla hayajaulizwa. Penye bahasha tupu au ujumbe wa simu wenye tarakimu moja, kila upungufu hugeuka kuwa tuhuma.

Makato ya hasara ndiyo yenye uchungu zaidi. Bidhaa zikiharibika au kifaa kikipotea, baadhi ya wasimamizi hukata zamu nzima. Sheria haikubali njia hiyo ya mkato. Hasara lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu.

Mchango wa NSSF nao unahitaji uwazi. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Mfanyakazi anayekatwa kila mwezi lakini michango yake haifiki kwenye Mfuko hugundua siku anapoihitaji: mama anayedai mafao ya uzazi, mzee anayestaafu, kijana aliyepunguzwa kazini. Kwa kuwa Mfuko unamwezesha mwanachama kuangalia taarifa zake kwa simu, kitengo cha rasilimali watu kinachowahimiza wafanyakazi kufanya hivyo mara kwa mara huonyesha kwamba hakina cha kuficha.

Habari mbaya

Mawasiliano hupimwa zaidi wakati wa shida. Malighafi zinapochelewa bandarini au soko linaposhuka, uvumi huanza kabla ya tangazo. Mlinzi ameona magari ya wageni, mhudumu wa ofisi amesikia neno, na kufikia jioni vijiwe vya Tandika vimekwisha kutaja idadi ya watakaopunguzwa. Sheria inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, mara tu wazo hilo linapoanza kufikiriwa, atoe taarifa zote muhimu, na ashauriane na chama kinachotambuliwa au wafanyakazi husika kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuwachagua wa kuondoka, muda na malipo. Mashauriano yanayofanyika baada ya orodha kuchapwa si mashauriano.

Waajiri wengine huhofu kwamba wakisema mapema mafundi bora watakimbia. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mafundi hao husikia uvumi kama wengine, na ndio wenye uwezo wa kupata kazi kwingine kwanza.

Malalamiko yasiyosemwa hadharani

Yapo mambo ambayo kikao cha zamu hakiwezi kuyabeba. Mwanamke anayetakiwa kutoa mwili wake ili apangiwe zamu ya mchana, aongezewe mkataba au asifukuzwe, hawezi kupeleka taarifa kwa msimamizi ikiwa msimamizi ndiye mtuhumiwa. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na taarifa zake zinaweza kufikishwa TAKUKURU kwa namba ya bure 113. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi nayo ipo. Ndani ya kiwanda, hata hivyo, kinachosaidia zaidi ni kuwepo kwa mtu wa pili wa kumwendea, aliye nje ya mstari wa amri wa karakana, na ambaye jina lake na mahali alipo vinajulikana kwa kila anayeanza kazi. Wale wawakilishi watano wa wanawake waliotajwa na sheria wanafaa kwa kazi hiyo, wakipewa faragha na muda.

Mazungumzo yanaposhindikana

Mfanyakazi anayetuhumiwa kwa kosa la nidhamu anapaswa kupewa tuhuma mapema, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na nafasi ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kuachishwa kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Mwajiri mwenye sababu nzuri aliyeruka utaratibu hushindwa mashauri ambayo angeyashinda.

Pande mbili zisipoelewana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo haitozi ada ya kusikiliza mgogoro. Shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Migogoro mingine hufunguliwa ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki yao hapa, kwa sababu huendelea kusubiri ahadi ya mdomo ya mwajiri hadi siku zinapokwisha, na baadaye hulazimika kuomba kuongezewa muda kwa kutoa sababu za kuchelewa. Shauri huanza kwa usuluhishi, ambao kwa kawaida hupewa siku 30. Ukishindikana, hufuata uamuzi, na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Usuluhishi hufanyika faraghani, na msuluhishi hatoi hukumu. Huwauliza wahusika, mmoja mmoja na kwa pamoja, ni nini hasa kilichotokea. Maombi hujazwa katika Fomu Na. 1 ya Tume, na nakala humfikia mwajiri kwanza, kabla fomu haijasajiliwa, ili naye ajue anachodaiwa.